Wale 37 ambao hatuwahesabu



Mwaka 1984 tuliingia kidato cha kwanza katika seminari ndogo tukiwa vijana 42. Tuliofikia Daraja Takatifu la Upadre ni watano. Wale 37 wako wapi? Wengi wao leo ni waume na baba wa watoto: walimu, wakulima, daktari, dereva wa lori, na mmoja ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo katika parokia ninayohudumu. Tunapohesabu matunda ya seminari huwa tunawahesabu watano tu. Leo tuwatazame hao wengine.

Naanza kwa kuungama. Rafiki yangu, ambaye vitanda vyetu vilipakana bwenini, aliondoka seminari kuu akiwa mwaka wa pili wa teolojia. Alimweleza gombera kwamba amesali, ameomba ushauri, na ameona Mungu anamwita katika ndoa. Alirudi kwao na begi lake. Mama yake hakutoka nje wiki nzima. Majirani wakasema, "Ameshindwa." Mimi niliyemjua kuliko wote nilinyamaza. Mwaka uliofuata alinialika kwenye harusi yake nikamjibu kwamba nina mitihani. Mitihani ilikuwa imekwisha. Nilimwonea aibu.

Ilipita miaka ishirini kabla sijafika nyumbani kwake. Nilimkuta jikoni anaosha vyombo, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Ukutani palibandikwa karatasi ya zamu: baba, mama na watoto watatu, kila mmoja na siku yake. Saa mbili usiku kengele ndogo ililia na wote wakaketi kusali. Mtoto wa mwisho ndiye aliyesoma Injili. Nilitabasamu. Ndiyo maisha tuliyolelewa: kengele ya saa kumi na moja alfajiri, Misa, darasa, jembe, kufagia, kulisha nguruwe, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamume afue shuka zake.

Lakini baada ya chakula mkewe aliniambia neno ambalo silisahau. "Padre, huyu mume wangu sijawahi kumlalamikia kwa uvivu wala kwa uongo. Ila likimuumiza jambo, anajifungia. Alipopunguzwa kazini nilijua baada ya miezi miwili, tena kwa jirani. Huko seminarini ndiko mlikofundishwa kunyamaza hivyo?"

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha.

Ndiyo, tulifundishwa. Baada ya sala ya usiku kulikuwa na ukimya mkuu mpaka asubuhi. Ni zawadi kubwa kwa anayetaka kumsikiliza Mungu. Ila kijana wa miaka 14 aliye mbali na mama yake anaweza kujifunza ukimya mwingine, ule wa kuficha. Anaona kwamba walezi wanamtazama na kuandika ripoti. Anahisi kwamba akilia, akisema ameelemewa, huenda akaambiwa hana wito. Basi anameza. Anayemeza miaka kumi, iwe kesho yake ni altare au ndoa, anaendelea kumeza.

Kanisa limeliona jambo hili. Mwaka 1992, katika wosia wake wa kitume Pastores Dabo Vobis, Mtakatifu Yohane Paulo II alitaja pande nne za malezi ya seminari: utu, roho, akili na uchungaji. Akasema malezi ya utu ndiyo msingi wa mengine yote. Tafakari neno hilo, ndugu yangu. Kama msingi ni utu, basi anayeondoka seminari haondoki mikono mitupu. Anaacha kanzu, lakini utu anakwenda nao kwa mke na watoto wake. Na kama utu huo ulijengwa nusu, mke na watoto ndio watakaoishi na hiyo nusu, kama vile waamini watakavyoishi na padre wa namna hiyo.

Mtume Paulo, katika sura ya tatu ya barua yake ya kwanza kwa Timotheo, anataka anayekabidhiwa Kanisa apimwe kwanza kwa jinsi anavyoitunza nyumba yake. Kwake nyumba na Kanisa havikuwa mbali.

Tena tumtazame Mtakatifu Yosefu, baba aliye kimya kuliko wote. Katika Injili hakuna hata neno moja lililoandikwa kuwa limetoka kinywani mwake. Lakini Mtoto alipopatikana hekaluni, Maria alimweleza kwamba yeye na baba yake walimtafuta kwa uchungu. Maria aliujua uchungu wa mumewe. Mbele ya watu Yosefu alikuwa kimya. Kwa mkewe hakujificha.

Kwenu wazazi: mwana akirudi na begi lake, mpokeeni kama mlivyomsindikiza. Asibaki seminarini kulinda heshima yenu. Kwako uliyepita seminari: tunza kengele, zamu na sala, kisha ujifunze lile ambalo ratiba haikuwa nalo, kumwambia mkeo leo jioni linalokusumbua. Na sisi walezi, kijana akilia, tumwulize kwanza kinachomliza kabla ya kushika kalamu.

Usiku ule nilimwomba rafiki yangu msamaha. Nilimwambia, "Siku ya harusi yako mitihani ilikuwa imekwisha."

Akajibu, "Nilijua. Ratiba nilikuwa bado naikumbuka."

Mkewe alimgeukia. "Miaka yote hii hukuniambia kwamba uliumia?"

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaanza kumweleza: habari za harusi, za mama yake ndani ya nyumba, za begi lile. Mimi niliaga taratibu nikaenda kulala. Sauti zao niliendelea kuzisikia mpaka usingizi uliponichukua.