Pikapu: kitenzi kilichoota magurudumu

Kinanie, wadi ya Mavoko katika Kaunti ya Machakos, ni jirani wa viwanda vya saruji vya Athi River. Mjenzi anayetaka mifuko kumi tu hahitaji lori, pikapu inamtosha. Je, wajua kwamba jina la gari hilo lilikuwa kitenzi?

Asili yake ni "pick up", maneno mawili ya Kiingereza yanayofanya kazi ya moja. "Pick" peke yake ni kuchuma au kuchagua. "Up" ni juu. Yakiungana huzaa maana zisizokisika kwa urahisi: kuokota kalamu, kupokea simu, kumpitia abiria, kudaka lugha kwa kuisikia tu, hata biashara kuchangamka baada ya kudorora. Kiwakilishi nacho sharti kikae katikati: "pick it up", kamwe si "pick up it". Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kuwa vitenzi vya namna hii huwapa wageni ugumu mkubwa kuliko yote.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kinanie anayekwama hapo asidharauliwe. Lugha alizozizoea, Kiswahili na Kikamba, hutanua kitenzi kwa viambishi, si kwa neno la pili. "Pita" huwa "pitia", na abiria akisema "nipitie saa moja", mtendwa, mzizi na kile kiambishi cha kutendea vyote vimo ndani ya neno moja.

Mwaka 1925 ulikuwa na sadfa ya kupendeza. Mwandishi Logan Pearsall Smith alichapisha kitabu kilichovipa vitenzi vya namna ya "pick up" jina la kitaalamu linalotumika hadi leo. Aprili mwaka huohuo, kampuni ya Ford ilianza kuuza Model T yenye sanduku la mizigo nyuma, kwa dola 281, ikaiita kwa kitenzi hicho.

Kiswahili kilipolipokea gari, kiliyaunganisha maneno yale na kuyaongezea irabu: pi-ka-pu, mkazo ukiangukia "ka", kama ilivyo desturi. Neno hilo likaingia ngeli ya I-ZI: pikapu imejaa, pikapu zimejaa, ingawa wengi husema mapikapu.

Mitaani Kenya, kitenzi chenyewe nacho kimeingia, safari hii bila mkia wake. Asiyepokea simu "hapick", na anayemngoja mwenzake stejini huambiwa "nitakupick". Ile "up" imeachwa kabisa, na hakuna anayeikosa.