PANDA KARANGA MAPEMA, TENA KARIBU-KARIBU

Mama, siku ya kupima watoto tunakuambia kila mara: tia karanga zilizosagwa katika uji na sombe ya mtoto. Robo ya uzito wa karanga ni chakula cha kujenga mwili, na karibu nusu ni mafuta, kwa hiyo zinasaidia kumkinga mtoto na bwaki. (Karanga nzima usimpe mdogo, asije akapaliwa.) Lakini utazitoa wapi kama shamba halikuzaa?

Pengine umeona karanga zako zimedumaa, majani yamekunjana pamoja, mengine ya manjano. Ukingoa, chini hakuna kitu. Usifikiri jirani amekuroga. Ni ugonjwa wa rozeti, ulioandikwa mara ya kwanza mwaka 1907 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wanaouleta ni wadudu weusi wadogo sana, chawa wa mimea. Wanafyonza maji ya mmea mgonjwa, kiisha wanaruka kwenye mzima, kama mbu anavyofanya na malaria. Mbegu yenyewe haibebi ugonjwa huu.

Wakati wa kiangazi wengi wao hufa kwa kukosa majani mabichi. Mvua zinapoanza wako wachache bado, kiisha wanaongezeka. Basi panda mara mvua nzuri za kwanza zimelowesha udongo. Mmea ukishikwa umekwisha kukomaa, utapunguza kuzaa tu. Ukishikwa kabla ya maua, pengine hautazaa hata karanga moja.

Na nafasi? Hapa ndipo wamama wengi wanakosea. Mbegu ni chache, shamba ni kubwa, basi mama anatawanya mbali-mbali ili zienee. Lakini mdudu anayeruka anavutwa na majani yaliyozungukwa na udongo mtupu. Majani yakifunika udongo wote, wengi wanapita. Ukiwa na mbegu kidogo, lima kipande kidogo, ukijaze. Mistari iachane sm 40, pungufu kidogo ya mkono toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Katika mstari, mbegu moja kila sm 10, upana wa kiganja, na sm 5 chini.

Ndiyo, palizi inasumbua karanga zikiwa karibu hivi. Palilia mapema, kabla hazijaanza kushuka udongoni. Penye pengo, rudishia mbegu katika siku kumi. Na zile karanga zinazojiotea zenyewe katika shamba la zamani, zingoe kabla hujapanda: ndimo wadudu wanamojificha.