Kufungwa na Kufungiwa Nje: Dhana Moja ya Besiboli

Mfasiri wa habari za michezo anayekutana na besiboli ya kulipwa ya Marekani hukwazwa mapema na istilahi moja. Wamarekani husema kwamba timu "imefungiwa nje", yaani imemaliza mchezo bila kupata hata alama moja. Akiandika kwa haraka kuwa timu hiyo "imefungwa", maana huharibika. Katika kandanda, timu iliyofungwa 3 kwa 2 imefungwa kweli, lakini nayo ilifunga. Kitenzi ni kile kile. Kauli ya kutendea pamoja na neno "nje" ndivyo vinavyoleta picha ya mlango uliokomewa mbele ya mtu aliyebisha usiku kucha.

Tofauti haiishii katika sarufi. Mchezo wa besiboli una duru 9, na katika kila duru timu hushambulia hadi wachezaji wake 3 watolewe. Alama hupatikana pale mshambuliaji anapovipita vituo 3 na kurudi salama makaoni. Anayemzuia kwanza ni mrushaji, ambaye humrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Warushaji kadhaa wakipokezana, sifa ya kumfungia mpinzani nje ni ya timu tu. Ili mrushaji aandikiwe sifa hiyo kwa jina lake, hana budi kuufikisha mchezo mwisho peke yake.

Mfano ulio wazi ni mchezo wa saba, na wa mwisho, wa fainali ya mwaka 1991, uliochezwa Minneapolis tarehe 27 Oktoba. Minnesota Twins na Atlanta Braves, timu zilizoshika mkia katika makundi yao mwaka 1990, zilikuwa zimeshinda michezo 3 kila moja. Jack Morris, mwenye umri wa miaka 36 na mzaliwa wa St. Paul, mji jirani, aliwarushia Twins. John Smoltz, kijana wa miaka 24, aliwarushia Braves.

Katika duru ya 8 mlango ulikuwa karibu kuvunjwa. Lonnie Smith wa Braves alikuwa katika kituo cha kwanza Terry Pendleton alipoupiga mpira mbali. Smith angeweza kufika makaoni. Badala yake alisita kwenye kituo cha pili, huku Chuck Knoblauch akijifanya kana kwamba anaucheza mpira ambao hakuwa nao. Smith alifika kituo cha tatu tu. Wengi humlaumu yeye, lakini lawama hiyo husahau kwamba bado hapakuwa na mchezaji wa Braves aliyetolewa katika duru hiyo. Ron Gant alitolewa bila wenzake kusogea. David Justice alipewa kituo cha kwanza kwa makusudi. Kisha Sid Bream aliupiga mpira ukamwendea Kent Hrbek, naye akaurusha makaoni, Smith akatolewa. Ukarudishwa kwa Hrbek, Bream naye akatolewa.

Duru 9 zilikwisha 0 kwa 0. Kocha Tom Kelly alitaka kumpumzisha Morris. Morris akakataa, akaimaliza duru ya 10 pia, jumla akiwa amerusha mara 126. Katika nusu ya pili ya duru hiyo Gene Larkin alipiga mpira uliopita juu ya vichwa vya walinzi waliosogezwa karibu, na Dan Gladden akaingia makaoni. 1 kwa 0.

Smoltz naye hakutoa alama hata moja. Lakini aliondolewa katika duru ya 8, na kwa hiyo hesabu haimpi chochote, ijapokuwa hadi dakika ile mlango wake ulikuwa umekomewa sawasawa na wa Morris. Hapo ndipo tafsiri ya "ushindi bila kufungwa", inayopendwa na baadhi ya waandishi, inapopungukiwa: inaitaja timu na kumsahau mtu. Pengine "kumfungia mpinzani nje" ingefaa zaidi, kwa sharti kwamba kiima cha sentensi kiwe mrushaji: Morris aliwafungia Braves nje.