Je, Wajua? Pakiti Yenye Vichwa Vingi Haifiki Mbali

Je, wajua kwamba kichwa cha pakiti ya IPv6 (toleo la 6 la itifaki ya intaneti) kina baiti 40, hazizidi wala hazipungui? Maelezo ya ziada huwekwa kwenye vichwa vya nyongeza, kimoja nyuma ya kingine.

Na je, wajua kuwa baadhi ya vichwa hivyo, kimoja peke yake, chaweza kufika baiti 2,048? Pakiti nzima ya kawaida kwenye Ethernet ni baiti 1,500!

Ruta kubwa haina muda wa kusoma yote hayo. Chipu yake hutazama baiti za mwanzo tu, kisha inaamua. Lakini namba ya poti, mathalani 443 ya tovuti salama, hukaa mwishoni mwa mnyororo wa vichwa, na hakuna njia ya mkato ya kuifikia: kila kichwa hutaja aina ya kile kinachokifuata, basi. Mnyororo ukirefuka, kichujio cha usalama hakiioni poti. Kipitishe kisichokijua, au kitupe? Wenye mitandao wengi hutupa, na ni vigumu kuwalaumu.

Wanatupa kiasi gani? Vipimo vilivyochapishwa na IETF, shirika la viwango vya intaneti, mwaka 2016 vilionyesha kwamba karibu asilimia 40 ya seva za tovuti zilizojaribiwa hazikufikiwa na pakiti zenye kichwa kilichotakiwa wakati huo kusomwa na kila ruta njiani.

Wajua kilichokiponza kichwa kimoja cha nyongeza, kile cha njia, aina ya 0? Pakiti moja iliweza kubeba anwani zaidi ya 80 za kupitia, na hapakuwa na katazo la kurudia zilezile. Mhalifu aliweza kuzifanya ruta mbili zirushiane pakiti hiyo kama mpira hadi njia yote kati yao ijae. Desemba 2007 kikapigwa marufuku.

Ujanja mwingine, wa kukikwepa kichujio, ulikuwa kuikata pakiti ili poti iangukie kipande cha pili. Tangu Januari 2014, kanuni ya RFC 7112 inataka mnyororo mzima uwe kwenye kipande cha kwanza.

Je, wajua kuwa tangu 2020 ruta inao ujumbe rasmi wa kumwambia mtumaji "mnyororo wako ni mrefu mno"? Ila ujumbe wenyewe husafiri kwa ICMPv6, itifaki ya taarifa za hitilafu, na hiyo nayo vichujio vingi huizuia.