Mtoto Atengeneze Mchezo, Asiwe Mchezaji Tu

Wazazi wengi wamwonapo mtoto ameinamia kioo cha kompyuta akicheza, hulalamika kwamba anapoteza wakati. Malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo, mapenzi hayo ya mchezo yanaweza kugeuzwa kuwa elimu, iwapo mtoto atafundishwa kuutengeneza mchezo wenyewe. Siku hizi kazi hiyo haimtaki mtu awe mtaalamu wa kuandika programu.

Chombo kinachojulikana sana kwa kazi hiyo ni Scratch, kilichobuniwa na kundi la Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2007. Hutolewa bila malipo. Mwanafunzi haandiki maneno ya kitaalamu. Huchukua vipande vya amri vyenye rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, kama mwashi apangavyo matofali. Vipande vya buluu huamuru mwendo, na vya manjano huanzisha kazi. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ni miongoni mwa lugha zinazopatikana humo.

Nchini Rwanda jambo hili si geni. Kuanzia mwaka 2008 shule za msingi zilipewa kompyuta ndogo zaidi ya 200,000 chini ya mpango wa One Laptop per Child, na baadaye Scratch ikaingizwa katika mtaala wa shule hizo. Mwaka 2019 Rwanda Coding Academy ilianza kufundisha wilayani Nyabihu, jirani na Rubavu. Hivyo mtoto wa Busasamana, aliyezaliwa kati ya mashamba ya viazi chini ya milima ya volkano, hahitaji kwenda ng'ambo ili aione shule ya waandishi wa programu. Lakini nafasi za shule ya namna hiyo ni chache, na mwanafunzi hawezi kuingia humo pasipo msingi. Msingi huo huwekwa mapema, shuleni na nyumbani.

Mchezo wa kwanza

Mchezo wa kwanza na uwe mwepesi: viazi vinaanguka kutoka juu, na mchezaji anavidaka kwa kikapu. Uwanja wa Scratch una upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, na katikati yake ni sifuri. Juu kabisa ni 180, chini kabisa ni hasi 180. Kikapu huamriwa kwenda kulia au kushoto hatua 10 kila kitufe cha mshale kinapobonyezwa. Kiazi huamriwa kushuka hatua 5 kwa 5, daima. Kikigusa kikapu, pointi moja inaongezwa na kiazi kinarudi juu mahali popote. Kikifika chini bila kudakwa, kinarudi juu bila pointi. Mtoto akimaliza kazi hii atakuwa ameonja hesabu za hasi bila kuziogopa.

Hapa ndipo makosa yanapojitokeza, na makosa hayo ndiyo somo lenyewe. Mtoto akisahau kurudisha pointi kwenye sifuri mwanzoni, mchezaji wa pili atarithi pointi za wa kwanza, na ugomvi utazuka. Akiiweka amri ya kuangalia kama kiazi kimegusa kikapu nje ya kipande cha "daima", kompyuta itaangalia mara moja tu, kisha haitaangalia tena. Askari hupaswa kulielewa jambo hili upesi: kuruta uwanjani hageuki kulia kabla ya amri, na amri iliyotolewa mahali pasipo pake huvuruga gwaride zima. Kompyuta nayo hutii ilichoamriwa, wala haijui kilichokusudiwa. Kwa hiyo kutoandika programu kwa maneno si kuepuka kufikiri. Kazi ya kufikiri imebaki palepale.

Baada ya viazi, familia inaweza kujaribu jambo kubwa zaidi: igisoro, mchezo wa Wanyarwanda ulio ndugu wa bao la pwani. Ubao wake una safu 4 za mashimo 8, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Wazee wanaijua kanuni kwa mkono, lakini mtoto atakayeiingiza katika kompyuta atalazimika kuuliza kila hatua: kete huanzia wapi, huzunguka kwenda upande gani, hutekwa lini? Babu asiyejua kubonyeza kitufe atakuwa mwalimu.

Ushauri kwa familia

Nyumba yenye kompyuta moja haijakosa. Programu ya Scratch huweza kuwekwa ndani ya kompyuta na kutumika pasipo intaneti. Watoto wawili wakae pamoja, mmoja akibonyeza na mwingine akisoma kanuni zilizoandikwa kwanza katika daftari; kisha wabadilishane. Saa moja kwa siku ya mapumziko yatosha. Baba au mama aliye kazini kituo cha mbali anaweza kuwekewa mchezo katika flashi, aucheze arudipo likizo na kuonyesha kasoro zake.

Mzazi asiyejua kompyuta asione haya, kwani kuuliza si ujinga. Amwambie mtoto aeleze kila kipande kinafanya nini. Mtoto akishindwa kueleza, bado hajakielewa, hata kama mchezo wake unakwenda vizuri.