Je, Wajua? Dakika 20 hadi Zanzibar, Saa 15 hadi New York

Je, wajua kwamba kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, ni kilomita 73 tu? Ndege haijakaa sawa angani, rubani anaanza kuishusha: dakika 20 hivi, basi. Boti huchukua kama saa 2, lakini jumlisha foleni ya Barabara ya Nyerere na ukaguzi wa mizigo, uone kama mwenzako wa boti hajakutangulia Darajani.

Je, wajua kwamba kuna safari fupi zaidi? Huko Scotland, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, ni kilomita 2.7. Ratiba inasema dakika 2. Upepo ukikubali, haifiki hata dakika 1.

Je, wajua kwamba umbali wa ndege hupimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya tufe la dunia? Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850 angani. Kwa basi unapita 1,100. Marubani wenyewe huhesabu kwa maili za baharini, kila moja mita 1,852.

Je, wajua kwamba muda ulioandikwa kwenye tiketi si wa kuruka peke yake? Huanza ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa, hukoma inapoegeshwa tena. Kwa hiyo ile foleni ya kusubiri kuruka, inayowachosha abiria, imo humo humo.

Je, wajua kwamba kwenda na kurudi si sawa? Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja, Oktoba 2018, ratiba ilikuwa kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Mwenye kosa ni upepo. Kaskazini mwa dunia, kilomita 10 hivi juu, kuna mkondo wa hewa uendao mashariki, na unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Februari 2020, dhoruba ilipouchochea, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6. Manahodha wa majahazi wa Muscat, waliosubiri kaskazi ndipo wateremke Zanzibar, wasingeshangaa hata kidogo.

Je, wajua kwamba ukitoka Nairobi saa 4 asubuhi, unaweza kutua Kigali saa 4 na nusu? Safari ni saa 1 na nusu, ila saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa 1. Kurudi ndiko kuna deni: ukiondoka Kigali saa 4, Nairobi unafika saa 6 na nusu mchana. Anayekuja kukupokea mtajie saa ya Nairobi.