Walioingia Yoga kwa Mlango wa Maradhi

Yeyote apitaye siku hizi mbele ya ukumbi wa mazoezi huko Nairobi au Dar es Salaam, akaliona bango la darasa la yoga lenye picha ya kijana mwembamba aliyejikunja kama ukindu pasipo dalili yoyote ya taabu, hawezi kulaumiwa akidhani kwamba walimu wa elimu hii huzaliwa na viungo vya namna hiyo, au kwamba walitwaliwa utotoni na wazee wenye ndevu wakapelekwa milimani kufundishwa siri. Tarikhi ya walioitoa yoga Bara Hindi na kuieneza ulimwenguni yasema kinyume. Aghalabu waliletwa na ugonjwa, na baadhi yao walianza kufundisha kabla hawajajiona kuwa wanastahili.

Mashuhuri kuliko wote, B. K. S. Iyengar, alizaliwa tarehe 14 Desemba 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa Bara Hindi, wakati ile homa ya mafua iliyoenea duniani ilipokuwa ikiwafyeka watu, na mama yake akiwa miongoni mwa waliougua. Alikua hohehahe wa siha: malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu vilimpokezana, baba yake akafariki yeye akiwa na umri wa miaka tisa, na kwa maelezo yake mwenyewe mikono na miguu yake ilikuwa myembamba kama ya mtu asiyetarajiwa kuishi. Mwaka 1934 shemeji yake, mume wa dada yake, alimwita mji wa Mysore akakae nao. Shemeji huyo ndiye Tirumalai Krishnamacharya, mwanachuoni wa Kisanskriti ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amepewa na Maharaja Krishna Raja Wadiyar wa Nne nafasi ya kufundishia yoga katika jumba la Jaganmohan.

Isidhaniwe kwamba mgonjwa yule alipokewa kwa huruma. Krishnamacharya alikuwa mtu mkali, tena mkali wa kuogopwa, na kwa muda mrefu kijana alifanyishwa kazi za nyumba na bustani kuliko alivyofundishwa. Kilichombadilishia mambo si kipaji bali tukio: mwanafunzi aliyetegemewa alitoroka siku chache kabla ya maonyesho, na kwa kuwa wageni walikwisha kualikwa na heshima ya jumba ilikuwa hatarini, yule dhaifu akatiwa mikao migumu kwa haraka apate kuziba pengo. Katika maonyesho mengine aliamriwa akae huku miguu yake yote miwili imenyooka, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akatoa udhuru kwamba kaptula yake inambana. Mwalimu akaagiza mkasi, kaptula ikapasuliwa pande mbili, na kijana, udhuru umekwisha, akashuka hadi chini. Misuli ya nyuma ya mapaja ikachanika, na muda mrefu ukapita kabla hajaweza kutembea sawasawa. Kwa maoni yangu tendo lile halina utetezi, japokuwa wapo wapenzi wa yoga wanaolisimulia kwa fahari kana kwamba ukatili ni sehemu ya taalimu.

Mwaka 1937 daktari mmoja wa upasuaji wa mji wa Pune, V. B. Gokhale, aliomba apelekewe mwalimu, naye Iyengar akachaguliwa kwa sababu alijua Kiingereza kidogo. Alikuwa na miaka 18. Wanafunzi aliowakuta walikuwa vijana wa vyuo na wanamichezo wenye nguvu na elimu kumzidi, wengine wakimcheka, na mkataba wake ulikuwa wa miezi sita tu. Ikiwa angerudi Mysore, angerudi chini ya mkono ule ule. Akaamua kujifunza upya kile alichotumwa kukifundisha, akijijaribu saa nyingi kila siku ili ajue mfupa upi husogea kwanza, uzito huangukia wapi, na maumivu yapi ni ya kuvumilia na yapi ni ya kuacha mara moja. Kulikuwa na siku ambazo riziki yake ilikuwa wali mtupu, na nyingine hata wali haukuwapo. Lakini humo ndimo ilimozaliwa njia yake, kwa kuwa mtu ambaye mwili wake ulimkatalia kila kitu hana budi kutafuta hila. Naye akaleta mikanda, kamba za kufungwa ukutani, vipande vya mbao, viti na mablanketi, ili mzee, mjamzito na mwenye mgongo mbovu waweze kufika katika mkao ule ule. Mwenye viungo laini tangu kuzaliwa, kubuni hivyo asilani kusingemjia akilini.

Umaarufu nao ulikuja kwa njia ya mtu aliyechoka. Yehudi Menuhin, mpiga fidla aliyejulikana dunia nzima, alikuwa amekiona kitabu cha yoga katika chumba cha kungojea cha mganga wa viungo huko New Zealand, akavutiwa. Alipozuru India mwaka 1952 alimpa Iyengar miadi ya dakika chache mjini Bombay, akimwambia kwamba amechoka na usingizi umemkimbia. Iyengar akamlaza chali, akamfunika macho na masikio kwa vidole vyake, na yule mheshimiwa akasinzia. Mazungumzo yaliyokadiriwa kwa dakika yakaendelea kwa saa kadhaa. Baadaye Menuhin alimwalika Uswisi, akamtunukia saa iliyochongwa maneno ya kumshukuru kuwa mwalimu wake bora wa fidla, na mwaka 1966 akaandika dibaji ya kitabu Light on Yoga, chenye picha zipatazo 600 za Iyengar akionyesha mikao.

Mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya alikuwa mwanamke, mzaliwa wa Riga mwaka 1899, aliyejulikana kwa jina la Indra Devi. Mume wake alikuwa mwanadiplomasia wa Chekoslovakia mjini Bombay, na yeye mwenyewe, Indra Devi, alisumbuliwa na moyo. Krishnamacharya alimkataa, kwa kuwa ni mwanamke tena mgeni. Maharaja akaingilia kati, na bibi akawekewa masharti mazito ya chakula na saa za mazoezi, bila shaka kwa matumaini kwamba atakata tamaa mwenyewe. Hakukata. Mume alipohamishiwa China, yule yule aliyemkataa ndiye aliyemwagiza akafundishe; akafungua darasa Shanghai mwaka 1939, kisha Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, akawa na wanafunzi kama mwigizaji Gloria Swanson. Alifariki Argentina mwaka 2002, akiwa na miaka 102.

Yupo atakayeuliza: je, si ibada ya watu wengine hii? Swali ni la haki, na si letu peke yetu. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwazuia Waislamu kufanya yoga yenye dhikri za Kihindu, na mamlaka ya elimu ya London, ilipoyaruhusu madarasa ya Iyengar kwa watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960, ilishurutisha kwamba yafundishwe mazoezi ya mwili na pumzi pasipo falsafa yake. Iyengar alikubali sharti hilo. Kila mtu na aulize wanachuoni wake. Lakini dhahiri ni kwamba suala hili lilikwisha kujadiliwa na watu makini zamani, na halifai kumalizwa kwa kejeli.

Huku kwetu, tangu mwaka 2007 shirika la Africa Yoga Project la Nairobi limekuwa likiwafundisha ualimu vijana wa mitaa ya watu wa kipato kidogo, nao hupata riziki kwa kuendesha madarasa ya bure katika mitaa hiyo hiyo.

Kwa hiyo, msomaji, ukikusudia kujiunga na darasa, usimchague mwalimu kwa wepesi wake wa kujikunja. Muulize alianzaje, na atamfanyaje mwenye goti bovu au presha ya damu. Akikujibu kwamba kila mtu hufanya sawa na wenzake, tafuta darasa jingine, na kabla ya yote muone daktari wako.